Njaa ya Yuliana iliyodhaniwa mimba

Yuliana Tomasi anapiga goti moja chini. Shingo ameikaza, macho ameyaelekeza mbele kwenye njia, ngata ya kanga iko kichwani. Wanawake wawili wanalishika tenga la machungwa, mmoja huku mwingine huku, wanalinyanyua kwa pamoja na kulishusha taratibu juu ya kichwa chake.

"Limekaa?" anauliza Chausiku, kiongozi wa msafara.

"Limekaa, dada."

"Basi inuka. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Yuliana anainuka. Mbele yao ni mteremko wa kutoka kitongoji cha Luhembe, juu kwenye milima ya Uluguru, mpaka Mkuyuni barabarani, ambako siku ya gulio wanunuzi kutoka Morogoro mjini na Dar es Salaam wanasubiri machungwa, ndizi, tangawizi na karafuu. Njia hii pikipiki haziiwezi. Zinaishia kwenye kijito cha chini, na kutoka hapo kwenda juu kila kitu kinapita vichwani mwa wanawake.

Ukimwona asubuhi hii, hujui kwamba mwaka jana kilipita kipindi ambacho hakuna mkono hata mmoja uliokubali kumtwika tenga huyu dada. Wala si kwa chuki. Walikuwa wanamhurumia, na huruma hiyo ilikaribia kumuua.

Yuliana ana miaka ishirini na saba. Mume wake, Fidelis, analima tangawizi, magimbi na machungwa. Wana mtoto mmoja wa kike, Happiness, ambaye kijiji kizima kinamwita Hepi, na ndiyo maana njiani wenzake wanamwita Yuliana Mama Hepi. Mtoto huyo alizaliwa kwa upasuaji baada ya uchungu uliokataa kuisha. Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, Yuliana aliambiwa alipumzishe tumbo, asibebe mimba nyingine haraka, kovu lipate kupona.

Uchukuzi aliurithi kwa mama yake. Mwanamke hubeba mzigo wake au wa jirani, na kwa tenga la jirani hulipwa shilingi elfu nne. Si pesa ya kujivunia, lakini ndiyo ya sabuni, chumvi na vocha, na kwa Yuliana ndiyo pesa pekee ambayo haombi mtu.

Kazi hii ina sheria zake, ambazo kila msichana anazikuta. Ya kwanza, hakuna anayetua peke yake, maana ukishatua nani atakutwika? Mmoja akichoka wanatua wote. Ya pili, mwenye mimba hatwikwi. Wanawake wa Luhembe wanasema mimba ikiharibika, mkono unaoulizwa ni ule uliomtwika. Wajomba wa yule mama watakuja kukaa barazani kwa aliyemtwika, na hayo ni maneno ambayo hayaishi leo wala kesho.

"Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama," anasema Chausiku. "Ukicheza na mimba ya mtu, umecheza na ukoo mzima. Mimi siwezi kuubeba mzigo huo, bora nibebe matenga mawili."

Sheria nzuri, kusema kweli, na imewaokoa wengi. Ila walioiweka walikuwa hawajaijua sindano.

Hepi alipoachishwa ziwa, Yuliana na Fidelis walikaa wakakubaliana. Yuliana akashuka mpaka zahanati iliyoko chini, karibu na barabara, akaelezwa njia zote za uzazi wa mpango, akachagua sindano ya kila miezi mitatu. Aliichagua kwa sababu moja kubwa: sindano haikai chini ya mto. Hakuna kidonge cha kuficha, hakuna kitu cha kuonekana.

Mtu aliyekuwa anafichwa ni mama yake mzazi, Mama Dominiko.

Mama Dominiko, ambaye mtoto wake wa kwanza Dominiko ni fundi magari kule Mikese, ni kiongozi wa jumuiya ya Wakatoliki pale kitongojini. Jioni ndiye anayeongoza rozari. Kwa miaka mingi amekuwa akiwaambia wasichana kwamba dawa hizo Kanisa limezikataza, na kwamba zinaozesha kizazi. Tena ana binti mmoja tu. Mashamba ya ukoo kwao yanapita kwa wanawake, sasa yatapita wapi kama Yuliana ataishia kwa Hepi?

Kwa hiyo Yuliana alichoma sindano na kufunga mdomo.

Miezi michache baadaye njaa ikaja.

"Njaa ya kawaida inapiga hodi," anasema Yuliana. "Unaisikia inakuja. Hii ilikuwa imeshaingia, imekaa, haina mpango wa kuondoka."

Alikuwa anakula ugali na mume wake, wakinawa, anarudi jikoni kukwangua ukoko. Uji anaoubakiza Hepi aliumalizia. Akichemsha kokwa za fenesi kwa ajili ya kesho, kesho haizikuti. Njiani, mahali pa kupumzika, wenzake wakinywa maji yeye alikuwa anamenya ndizi.

Hedhi nayo ikakatika. Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba kwa wanawake wengine sindano huisimamisha, na kwamba wengine hupata hamu ya kula kuliko zamani. "Aliniambia yote," anakiri Yuliana. "Lakini mimi naogopa sindano. Siku ile masikio yangu yote yalikuwa begani."

Wenzake walianza kwa utani. Chausiku, ambaye mdomo wake haulali, aliwatangazia wote kwamba Mama Hepi ana mpangaji tumboni na kodi anailipa kwa ndizi za watu. Wakacheka. Yuliana akacheka nao, akameza kipande cha mwisho.

Halafu utani ukageuka kuwa hesabu. Anakula kwa wawili. Uso umejaa. Mtoni wanakofulia, siku hizi vitambaa vyake vya hedhi havionekani. Wanawake wakajumlisha, kila mmoja na jibu lake, na majibu yote yakawa sawa.

Asubuhi moja Yuliana akapiga goti kama kawaida, akaweka ngata kichwani, akasubiri. Hakuna mkono uliokuja. Alipogeuza shingo aliwaona wenzake wamesimama wanatazama chini.

Chausiku alimsogelea, akamwambia kwa upole arudi nyumbani, watakuja kumpongeza akijifungua.

"Dada, sina mimba."

"Kila mtu husema hivyo miezi ya mwanzo," alijibu Chausiku. "Na mimi nilisema."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Kule milimani mimba changa haitangazwi. Mwanamke huikana mpaka ionekane yenyewe, kwa kuogopa macho ya watu. Kwa hiyo kadiri Yuliana alivyokana, ndivyo alivyowathibitishia. Neno moja tu lingemwokoa, nalo ni sindano, na akilitamka pale, kabla ya rozari ya jioni litakuwa limefika kwa mama yake.

Akainuka mikono mitupu, akarudi nyumbani.

Habari zilimfikia Mama Dominiko kwa njia nyingine, nzuri. Binti yake ni mjamzito. Mama wa watu akafurahi, akatenga kanga mbili mpya, akaanza kupanda kilima kila siku na bakuli. Leo magimbi ya nazi, kesho mtori, keshokutwa kuku wa kienyeji. Alikaa pembeni kumwangalia bintiye akila, akimhimiza amalize kwa sababu hayuko peke yake.

Fikiria hali ile. Mtu anaitafuta njia ya kuizuia njaa, na chakula kinamfuata mlangoni kwa upendo.

Yuliana akapata wazo ambalo kwake lilionekana la akili. Akikonda, wote wataona hakuna mimba, watamtwika, na siri itabaki siri. Akaacha kula. Chakula cha mama yake akawa anampa Hepi na kuku. Lakini njaa ile haikujali uamuzi wake. Usiku alikuwa anaota maandazi.

Siku ya gulio akashuka Mkuyuni bila mzigo. Pembeni mwa soko alikuwepo mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti, anauza dawa za kila kitu: za meno, za mgongo, za mapenzi. Alikuwa nazo na za kukata hamu ya kula, vidonge vyekundu vilivyofungwa kwenye karatasi, bila jina, bila tarehe, bila anwani ya aliyevitengeneza. Yuliana akanunua.

Wasichana mnaosoma hapa, someni taratibu. Vidonge vile vilifanya kazi. Hiyo ndiyo hatari yake. Njaa ilikatika kabisa, akafurahi. Kilichokuja nyuma yake ndicho ambacho mchuuzi hakukitangaza kwenye kipaza sauti.

"Moyo ulikuwa unapiga kama mashine ya kukoboa mahindi," anasema. "Mikono inatetemeka, kinywa kikavu, usingizi hakuna. Nilikuwa nikiinama kufagia, nikiinuka naona giza."

Fidelis aliona. Alimwambia mkewe arudi kwa yule nesi aliyemchoma sindano, amweleze. Yuliana akamjibu kesho. Kesho yake ikawa inasogea mbele kila siku, kwa aibu tu, kwa sababu alijua nesi atamuuliza kwa nini amenyamaza muda wote huo.

Wa pili kuona alikuwa mama. Mimba aliyoifurahia haikui, inapungua. Mashavu ya binti yameingia ndani. Mama Dominiko alianza kukosa usingizi naye, kila mmoja kwenye nyumba yake.

Kisha asubuhi moja alikwenda na bakuli, akakuta Yuliana ameshatoka. Akaamua kumfulia kanga zake. Kwenye pindo la kanga moja palikuwa na fundo, na ndani ya fundo karatasi, na ndani ya karatasi vidonge vyekundu.

Mama Dominiko alikuwa na mdogo wake wa kike ambaye alifariki akiwa msichana, kwa kutaka kuitoa mimba kwa siri. Ni jambo ambalo nyumbani kwao halizungumzwi. Aliposhika vile vidonge hakuwaza njaa wala unene. Aliwaza kitu kimoja.

"Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya kufulia," anasema. "Nikasema Mungu wangu, tena?"

Wakati huo Yuliana alikuwa njiani, na tenga kichwani.

Alikuwa amechoka kukaa. Alilichukua tenga la machungwa ya Fidelis, akaliweka juu ya jiwe linalomfika kifuani, akainama, akaingiza kichwa chini yake na kujitwika mwenyewe. Msafara ulikuwa umeshatangulia. Aliwafuata nyuma ili wamwone, wajue anaweza, wajue tumboni hamna mtu. Alikuwa hajala tangu jana yake. Asubuhi ile alikuwa amemeza vidonge viwili badala ya kimoja.

Mahali njia inapopinda juu ya mikarafuu, giza lile la kufagia likaja. Safari hii hakuwa na ukuta wa kushika.

Chausiku alikuwa mbele, hakusikia kitu. "Niliona chungwa limenipita mguuni," anasimulia. "Nikasema nani huyo anamwaga mzigo. Likapita la pili. Halafu yakawa mengi, yanashuka tu. Nikajua hapo nyuma kuna mtu, na mtu huyo hayuko sawa."

Siku ile sheria ya kwanza ilivunjwa na msafara mzima. Kila mmoja alitua peke yake, popote alipokuwa, ndizi huku, tangawizi kule, wakapanda mbio. Walimkuta Yuliana amezuiwa na shina la mkarafuu, mguu umepinda chini yake, macho yamefunguka lakini hajibu. Walifunga kanga kwenye mti wakatengeneza machela, wakambeba kwa zamu mpaka zahanati.

Habari zilipomfikia, Mama Dominiko alifika zahanati akiwa anahema, viatu mkononi, karatasi ya vidonge kwenye ngumi. Nesi aliyekuwa zamu ni Hafidha, yule yule aliyemchoma Yuliana sindano.

"Nesi, niokolee mwanangu," alisema. "Ameitoa mimba."

"Shikamoo mama," alijibu Nesi Hafidha, akazipokea zile dawa kwanza. "Kaa hapo kwenye benchi. Ngoja nimwangalie, kisha tutaongea."

Mama Dominiko akakaa na rozari yake. Chausiku akakaa ubavuni kwake na dua zake. Kila mlango ulipolia waliinua vichwa pamoja.

Ndani, nesi alimpima Yuliana mkojo, akamtoboa kidole kupima sukari, akampima presha, akamfunga mguu. Mfupa haukuvunjika. Mimba haikuwepo na wala haikuwahi kuwepo. Kisukari hakuna, sukari iliyokuwepo ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeshinda na njaa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kwa sababu ya vile vidonge. Akamnywesha uji wenye sukari, akasubiri mpaka macho yake yakarudi.

Halafu akamwambia kwamba habari za sindano ni za kwake Yuliana, na kwamba yeye kama nesi hawezi kumwambia mama wala mtu mwingine yeyote. Kusema au kutosema ni juu yake.

Yuliana akaomba mama yake aitwe.

"Mama, sina mimba. Sikuwa nayo tangu mwanzo. Nachoma sindano ya uzazi."

Mama Dominiko alisimama mlangoni, hakuingia wala hakutoka.

"Kwa hiyo hukuua?"

"Sikuua, mama."

"Na vidonge vile?"

"Vya kukata njaa."

"Huumwi?"

"Nesi anasema siumwi. Nina njaa tu."

Mama Dominiko alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nesi alidhani analia akataka kumshika, kumbe anacheka, anacheka na machozi yanatiririka, anarudia neno moja: njaa, jamani, njaa. Alipoweza kusimama alitoka nje moja kwa moja mpaka kwa mama lishe wa getini, akarudi na chapati na maharage, akamlisha binti yake kwa mkono wake kama anamlisha Hepi.

Baadaye, tumbo likiwa limetulia, Nesi Hafidha aliwakalisha wote wawili akawaeleza. Maneno yake Mama Dominiko ameyashika mpaka leo, na huyarudia kwa yeyote atakayekaa naye.

Mwili wa mwanamke una vichocheo viwili vikubwa vya uzazi, homoni kama wanavyoita. Mwezi ukianza, kimoja kinapanda mpaka karibu na siku za yai kutoka, na siku hizo wanawake wengi hula kidogo. Yai likishatoka kinapanda cha pili, na hicho kwa wengi kinaongeza hamu ya kula. Ndiyo maana siku za kukaribia hedhi mtu anatafuta kitu cha kutafuna hata kama ametoka mezani sasa hivi.

"Kumbe," Mama Dominiko alimkatiza. "Mimi siku hizo nilikuwa natafuna mchele mbichi. Marehemu mama alikuwa anauficha."

Sindano ya miezi mitatu, nesi akaendelea, imetengenezwa kwa mfano wa kile kichocheo cha pili. Kwa baadhi ya wanawake inaiinua ile hamu na haishuki, kama vile kila siku ni siku ya kukaribia hedhi. Wengine hunenepa. Wengine, tena wengi, hawasikii chochote, wanaendelea na maisha yao. Hakuna anayejua mapema mwili wake uko kundi gani, na ndiyo maana mtu hurudi kueleza. Haiozeshi kizazi. Ukiiacha, uzazi unarudi, ila unaweza kuchelewa miezi kadhaa.

"Njaa yako haikuwa kosa lako," alimwambia Yuliana. "Wala sindano haijakutenda ubaya. Mwili wako na hiyo dawa haviendani, basi. Ungekuja siku ya kwanza tungebadilisha."

Akawaonya kwa mambo mawili. Dawa isiyo na jina, inayouzwa kwa kipaza sauti, isiingie mdomoni mwa mtu. Zile za Yuliana alizichukua azipeleke wilayani zikaangaliwe. Na mtu asiiache njia yake ya uzazi kimya kimya kwa sababu ya unene au hamu ya kula, maana akiiacha bila kushika nyingine atabeba ile mimba aliyokuwa anaikimbia, na kwa mwenye kovu la upasuaji ambalo halijapona vizuri, hilo si jambo la kucheza nalo.

Yuliana hakuchoma sindano iliyofuata. Yeye na Fidelis walirudi pamoja kwa nesi, wakaelezwa upya, akachagua kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni ndani yake. Hakikuja bure. Hedhi ilirudi nzito kuliko zamani, na miezi ya kwanza ilimsumbua tumbo. Lakini njaa ilishuka. Haikushuka siku moja, ilikuwa inapungua kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akagundua amebakiza ugali kwenye sahani na wala hakuufikiria tena.

Njaa ya kukaribia hedhi bado inakuja. Sasa anaijua kwa jina. Inapokuja anapika maharage mengi zaidi na anakula bila kujificha.

Na Mama Dominiko? Bado anaongoza rozari, na bado hajabadilisha mawazo yake yote. "Mimi sijasema ni halali," anasema, kidole kimeinuliwa. "Hilo nitaongea na padri wangu. Nilichosema ni kwamba mwanangu yu hai. Binti akiogopa kuniambia jambo mpaka anameza sumu, basi na mimi nina la kujiuliza." Ya kuozesha kizazi ameacha kuyasema.

Lilibaki swali la kazi. Mguu ulipopona, Yuliana alikwenda mahali wanapokutana wachukuzi, tenga likiwa chini, na kabla hajapiga goti akawaambia wote ukweli: sindano, njaa, vidonge, kila kitu. Anasema mdomo ulikuwa mkavu kuliko siku ya kuanguka.

Wanawake wawili vijana wakatazamana. Mmoja wao akasema taratibu, "Na mimi nachoma." Wa pili akainua mkono tu, bila neno.

Chausiku aliwatazama mmoja mmoja. "Yaani muda wote huu nimewatwika nyinyi kwa kuwa hamli sana," alisema, "na huyu nikamkatalia kwa kuwa anakula." Akatingisha kichwa. Halafu akainama, akashika upande wa tenga la Yuliana, akawauliza wengine wanasubiri nini.

Sheria ya mwenye mimba haijafutwa, na Yuliana mwenyewe hataki ifutwe. Kilichobadilika ni kwamba sasa hawakadirii kwa sahani. Mwenye wasiwasi humuuliza mwenzake wazi, na jibu lisipotosha, mmoja humsindikiza mpaka kwa Nesi Hafidha akapime. Wakishuka siku ya gulio, hakuna anayeanza safari tumbo tupu. Chausiku anawakagua kama mwalimu wa zamu.

Yuliana na Fidelis wanataka mtoto wa pili Hepi akianza darasa la kwanza, kama nesi ataridhika na lile kovu. Mama Dominiko amempa binti yake kipande cha shamba la ukoo, nao wamepanda pilipili manga, miche bado inapanda kwenye miti. Ikianza kuzaa vizuri, Yuliana anatarajia kupunguza siku za kubeba.

"Nikipata mimba ya kweli sitaificha," anasema, akiwa amekaa uani kwa mama yake. "Macho ya watu yatanifanya nini tena? Nitasema siku hiyo hiyo, na wa kwanza kumwambia atakuwa mama."

Mama Dominiko, anayechambua tangawizi pembeni, anajibu bila kuinua kichwa.

"Wa kwanza mwambie mumeo. Mimi njoo uniambie ukiwa umeshakula."